Nani Ampimie Msimamizi Mshahara Wake?

Tuseme jamaa 20 wa kijiji kimoja wamechanga fedha zao na kununua mashine ya kusaga mihogo. Hawawezi wote kukaa hapo kutwa kuiangalia, maana kila mmoja ana shamba lake. Basi wamchagua mtu mmoja hodari awe msimamizi: anunue mafuta, apokee franka za wateja, awalipe vijana wanaosaga, na mwisho wa mwaka alete hesabu. Mambo yaenda vizuri. Mashine ya pili yanunuliwa, kisha ya tatu. Hata siku moja wale jamaa wapata habari ya kwamba msimamizi hujilipa mshahara ushindao mapato ya jamaa wote 20 pamoja. Wamwuliza: «Nani aliyekupimia mshahara huo?» Naye ajibu: «Wale wazee 3 mliowaweka waniangalie.» «Na wazee hao, nani aliyewachagua?» «Mimi niliwataja majina yao, ninyi mkapiga makofi.»

Mfano huu ni mdogo, lakini neno lililomo ndani yake limewashughulisha wabunge wa mataifa makubwa tangu karne hii ilipoanza. Waingereza wamelijadili, Waswisi wamelipigia kura nchi nzima, Wamarekani wameshindana juu yake miaka mitatu. Leo twataka hasa kuwaeleza wasomaji wetu habari ya Ufaransa mwaka 2016, kwa sababu huko jambo lilionekana wazi kuliko mahali pengine: wenye mali walisema hapana, na siku ile ile wakajibiwa kwamba hapana yao si kitu.

Hisa ni kitu gani?

Kampuni kubwa za leo hazina mwenyewe mmoja. Mali yake imegawanywa katika mafungu madogo yaitwayo hisa, pengine mamilioni na mamilioni, na kila anunuaye fungu huwa mwenyewe kwa kadiri ya fungu lake. Mtu aweza kuwa mwenye hisa wa kiwanda asichokiona maisha yake yote. Babu zetu wa Katanga walilijua jambo hili kwa upande wake wa pili: Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilichimba shaba ya nchi yao kwa faida ya wenye hisa waliokaa Ulaya, mbali na vumbi la machimbo.

Wenye hisa hukutana mara moja kwa mwaka katika mkutano mkuu. Huko husikiliza hesabu na kuchagua halmashauri. Halmashauri nayo humweka mkurugenzi mkuu, humwangalia, na kumpimia mshahara wake. Ndivyo ilivyoandikwa katika sheria. Lakini wenye hisa wametawanyika duniani kote, hawajuani, wala hawana nafasi ya kuchunguza. Na wale wanaoketi katika halmashauri mara nyingi ni wakurugenzi wa kampuni nyingine, watu wa daraja moja na huyo wanayempimia. Nani kati yao atasema kwamba mkuu wao astahili mshahara mdogo kuliko wa jirani? Kila halmashauri hutaka wake awe juu kidogo ya wastani. Na wote wakitaka kuwa juu ya wastani, wastani wenyewe hupanda kila mwaka, hata kama kazi ni ile ile.

Si sisi wa kwanza kuliona. Baba Mtakatifu Pio XI, katika barua yake Quadragesimo Anno ya mwaka 1931, alisikitika kwamba nguvu nyingi za mali zimekusanyika mikononi mwa watu wachache ambao mara nyingi si wenye mali hiyo, bali ni walinzi na waendeshaji wake tu, nao huitumia wapendavyo. Barua hiyo iliandikwa zamani, kabla ya mishahara ya mamilioni tunayoisikia leo. Ila jicho la mchungaji lilikuwa limekwisha kuona mahali ugonjwa utakapotokea.

Mkutano wa Renault

Renault ni kampuni ya magari ya Ufaransa, na jina lake lajulikana hata katika barabara zetu. Mkuu wake tangu mwaka 2005 alikuwa Bwana Carlos Ghosn, mtu wa jamaa ya Lebanoni aliyezaliwa Brazili na kusoma Ufaransa. Hatupendi kumsingizia: alikuwa hodari wa kazi. Mwaka 1999 alipelekwa Japani kuiokoa Nissan, kampuni iliyokuwa karibu kuanguka kwa madeni, naye akaiinua katika miaka michache. Lakini uokoaji huo ulikuwa na bei yake, maana kazi za watu 21,000 ziliondolewa. Kabla ya hapo, mwaka 1997, Renault ilikuwa imefunga kiwanda chake cha Vilvoorde, karibu na Bruxelles, nao wafanyakazi wapata 3,100 wakabaki bila kazi. Naye Bwana Ghosn alikuwa mmoja wa wakuu walioongoza upunguzaji wa gharama wa siku zile.

Kwa mwaka 2015 Renault ilimpimia zaidi ya yuro milioni 7. Sehemu ndogo tu ya fedha hizo ilikuwa mshahara wa kawaida. Nyingine ilikuwa nyongeza ya mwaka, na nyingine hisa ambazo angezipokea baadaye. Tena Nissan ilimlipa mshahara wa pili, mkubwa kama huo au zaidi.

Tarehe 29 Aprili 2016 wenye hisa wa Renault walikutana. Wakati ule Ufaransa haikuwa na sheria juu ya jambo hili. Kampuni zenyewe zilikuwa zimejiandikia kanuni, na kanuni hizo ziliagiza kwamba wenye hisa waulizwe maoni yao juu ya mshahara wa mkuu. Maoni tu. Walipoulizwa, kura 54 katika kila 100 zilikataa. Serikali ya Ufaransa, iliyokuwa na karibu hisa 20 katika kila 100 za kampuni ile, nayo ilikataa.

Basi halmashauri ikakutana siku ile ile. Ikatazama kura. Ikaamua kwamba mshahara utabaki kama ulivyo.

Msomaji afikirie kidogo neno hilo. Wenye nyumba wamemwambia mlinzi wa mlango: fedha hizi ni nyingi mno. Naye mlinzi, pamoja na rafiki zake, awajibu kwa adabu: tumewasikia, asanteni, rudini makwenu. Sheria hawakuivunja, kwa maana sheria haikuwapo. Kanuni pia waliifuata, kwa maana kanuni iliwataka kusikiliza tu, haikuwataka kutii. Ndiyo sababu waziri wa Uchumi wa siku zile, Bwana Emmanuel Macron, ambaye mwaka uliofuata alichaguliwa kuwa Rais, alisema kwamba kampuni isipojirekebisha yenyewe, Serikali italazimika kutunga sheria. Mwezi wa Julai halmashauri ilikubali kupunguza nyongeza ya mkuu wake, lakini Bunge lilikuwa limekwisha kulishika neno.

Wabunge walisema nini?

Mwezi wa Juni 2016 Bunge la Ufaransa lilikuwa likizungumzia mswada wa waziri wa Fedha, Bwana Michel Sapin, uliotungwa hasa kwa kupigana na rushwa. Wabunge waliingiza humo kifungu kipya: kura ya wenye hisa juu ya mishahara ya wakuu iwe kura yenye nguvu, kura inayofunga.

Waliokipinga walikuwa na sababu zao, wala si vizuri kuzicheka. Walisema: kazi ya kupima mshahara ni ya halmashauri, ukiinyang'anya kazi hiyo, mbona uliiweka? Walisema tena: mkurugenzi hodari ni adimu kama mganga hodari, mkimbana hapa, atakwenda London au New York, na kampuni yenyewe itahamisha makao yake. Na neno la tatu, ambalo kwa maoni yetu ndilo lenye uzito: mwenye hisa asiyeridhika aweza kuuza hisa zake na kwenda zake. Hakuna aliyemfunga.

Waliokitetea walijibu kwamba mwenye mali hawezi kulazimishwa kuuza shamba lake kwa sababu ya kosa la mlinzi wa shamba. Mwenye kutoka si yeye. Tena wakaonyesha kwamba mataifa mengine yamefanya hivyo bila kuanguka.

Nao walisema kweli. Uingereza ndiyo iliyotangulia. Kwa kanuni za mwaka 2002, kampuni zilizo katika soko la hisa zililazimishwa kuwauliza wenye hisa kila mwaka. Mwaka uliofuata, 2003, wenye hisa wa kampuni ya dawa GlaxoSmithKline walikataa, kwa kura chache tu za ziada, mpango wa kumlipa mkuu wao paundi milioni 22 hivi kama angeondolewa kazini. Hebu tazameni: malipo makubwa namna hiyo, si kwa kushinda, bali kwa kushindwa! Kura ile haikuwa na nguvu ya sheria, lakini aibu ilifanya kazi yake, na mpango ukapunguzwa. Miaka 10 baadaye, mwaka 2013, Bunge la Uingereza liliona kwamba aibu peke yake haitoshi, likawapa wenye hisa kura inayofunga juu ya utaratibu wa malipo.

Marekani walianza kugombana juu ya jambo hili mwaka 2007. Mwezi wa Januari wa mwaka ule mkuu wa maduka ya Home Depot aliondoka kazini akiwa na haki ya malipo ya dola milioni 210, na watu wengi walikasirika. Mbunge Barney Frank alileta mswada wa kuwapa wenye hisa kura ya maoni. Baraza la Wawakilishi likaupitisha tarehe 20 Aprili kwa kura 269 dhidi ya 134. Katika Baraza la Senate, Bwana Barack Obama, aliyekuwa bado seneta, alileta mswada kama huo, lakini haukusonga mbele. Ilibidi mabenki yaanguke mwaka 2008, na fedha za walipa kodi zitumiwe kuyaokoa, ndipo sheria ilipokubaliwa, mwaka 2010. Hata hivyo kura ya Wamarekani ni ya maoni tu mpaka leo.

Na Waswisi? Hao hawakungoja Bunge. Mwenye kiwanda kidogo cha dawa ya meno, Bwana Thomas Minder wa Schaffhausen, alikusanya sahihi za raia ili neno lipelekwe kwa watu wote. Wiki chache kabla ya siku ya kura, ikajulikana kwamba kampuni ya dawa Novartis imekubali kumlipa mwenyekiti wake anayeondoka franka za Uswisi milioni 72, ili asiende kuwafanyia kazi washindani. Mwenyekiti aliziacha fedha hizo alipoona hasira ya watu, lakini alikuwa amechelewa. Tarehe 3 Machi 2013 raia 68 katika kila 100 waliopiga kura walikubali: wenye hisa waamue, na malipo ya kumwagia mkuu anayeondoka yapigwe marufuku.

Basi wabunge wa Ufaransa walikuwa na mifano mbele yao. Tarehe 8 Novemba 2016 waliupitisha mswada kwa mara ya mwisho, nayo sheria ikatangazwa na tarehe 9 Desemba. Yaagiza kura mbili. Ya kwanza hupigwa kabla: wenye hisa hukubali au hukataa kanuni zitakazotumiwa kumpimia mkuu mshahara. Ya pili hupigwa baada ya mwaka kwisha: wakikataa, nyongeza na malipo ya pekee ya mwaka ule hayawezi kulipwa. Mshahara wa kawaida tu ndio unaobaki salama. Maana yake, yaliyotokea tarehe 29 Aprili hayawezi kutokea tena kwa namna ile ile.

Je, sauti hiyo yatosha?

Sisi twaiona sheria hii kuwa ya haki. Katika Injili ya Mtakatifu Luka twasoma habari ya wakili aliyeitwa na tajiri wake atoe hesabu ya uwakili wake. Yule tajiri hakumwomba maoni. Alidai hesabu, na alikuwa na uwezo wa kumwondoa. Hesabu isiyo na nguvu nyuma yake ni mazungumzo.

Lakini lazima tuulize pia: huyo mwenye hisa ni nani? Wengi hudhani ni mzee mmoja mwenye akiba yake kidogo. Wako wa namna hiyo. Lakini hisa nyingi za kampuni kubwa zimo mikononi mwa mabenki, kampuni za bima na mifuko ya pensheni, yaani wasimamizi wengine wanaosimamia fedha za wengine, nao hulipwa vizuri. Msimamizi ampimia msimamizi. Ndiyo sababu huko Marekani kura hizi karibu daima hukubali, mara nyingi kwa zaidi ya kura 90 katika kila 100. Mwaka 2012 wenye hisa wa benki ya Citigroup walipokataa mshahara wa mkuu wao, habari ilienea duniani kote, kwa kuwa ilikuwa adimu. Mishahara ya wakuu haikushuka kwa sababu ya kura.

Na katika mkutano huo, wale 3,100 wa Vilvoorde wangekaa wapi? Kura hufuata hisa, haifuati jasho. Mwenye hisa huuliza: je, faida yangu imeliwa na mkuu? Mfanyakazi angeuliza jambo lingine: je, kazi yangu mimi na kazi yake zimepimwa kwa kipimo kimoja? Baba Mtakatifu Yohane XXIII, katika Mater et Magistra ya mwaka 1961, alilaumu kwamba katika nchi tajiri huduma za maana ndogo hupewa malipo makubwa kupita kiasi, hali kazi ya bidii ya watu wengi wanyofu hupata kidogo. Naye Benedikto XVI, mwaka 2009 katika Caritas in Veritate, alionya kwamba waendeshaji wa kampuni wasijione kuwa wawajibikaji kwa wenye hisa peke yao, bali pia kwa wafanyakazi, kwa wanaouza na kununua, na kwa watu wanaokaa mahali kampuni inapofanyia kazi.

Neno hilo la kipimo ni gumu kuliko lile la sauti. Katika Bunge la Ufaransa, mwaka ule ule 2016, wako wabunge waliotaka mshahara wa mkuu usizidi mara kadhaa mshahara mdogo wa nchi. Hawakufaulu. Huko Uswisi, miezi 8 tu baada ya kura ya Bwana Minder, raia waliulizwa kama wataka mshahara mkubwa katika kampuni usizidi mara 12 mshahara mdogo wa kampuni hiyo. Raia 65 katika kila 100 walikataa. Watu walewale waliowapa wenye hisa sauti waliogopa kuweka kipimo. Kumpa mwenye mali haki yake hakumwumizi mtu. Kusema kazi ya mtu mmoja haiwezi kuwa na thamani mara 13 ya kazi ya ndugu yake, hapo kila mmoja huanza kufikiria mfuko wake.

Yaliyofuata Renault

Baada ya sheria kutungwa, wenye hisa wa Renault walipiga kura tena mwaka 2017 na 2018. Mara zote mbili walikubali malipo ya Bwana Ghosn, lakini kwa shida, kwa zaidi kidogo ya nusu ya kura. Mwaka 2018 malipo yalikuwa yamefika yuro milioni 7.4, na Serikali ilikataa tena bila kufaulu.

Kisha tarehe 19 Novemba 2018 Bwana Ghosn alikamatwa Tokyo. Shitaka la kwanza lilihusu mshahara wake wa Nissan: walisema kwamba sehemu kubwa ya malipo aliyoahidiwa kulipwa baadaye haikuandikwa katika taarifa waliyopewa wenye hisa. Yeye alikana, akasema hakufanya kosa. Mwezi wa Januari 2019 aliacha uongozi wa Renault. Mwisho wa mwaka ule, kabla kesi yake haijasikilizwa, alitoroka Japani kwa siri na kufika Lebanoni. Kwa hiyo baraza la hukumu halikupata kusema kama alikosa au hakukosa, nasi hatuna haki ya kulisema mahali pake. Mwaka ule wa 2019 ilikuwa ni halmashauri ya Renault yenyewe iliyowaomba wenye hisa wakatae nyongeza yake ya mwaka 2018. Halmashauri iliyofunga masikio mwaka 2016 sasa iliihitaji kura ile ya wenye hisa.

Na kwetu?

Msomaji ataniuliza kama habari hizi zatuhusu sisi huku Kongo. Zatuhusu. Tangu mwezi wa Septemba 2012 nchi yetu inafuata sheria za OHADA, umoja wa mataifa ya Afrika yenye sheria moja ya biashara. Kwa sheria hiyo, mkutano mkuu wa wenye hisa ndio unaopima posho ya mwaka ya wajumbe wa halmashauri. Lakini mshahara wa rais-mkurugenzi mkuu wa kampuni hupimwa na halmashauri. Mlango ule uliofungwa Ufaransa mwaka 2016 kwetu bado uko wazi. Na mahali ambapo mwenye hisa ni Serikali, mwenye mali ni raia wote, pamoja na mama auzaye mkaa na mwanafunzi anayesoma ukurasa huu, hata kama hakuna anayewaita mkutanoni.

Vyama vya ushirika viko katika sheria nyingine ya OHADA, ya mwaka 2010, na humo jambo ni tofauti: kila mwanachama ana kura moja, awe ameweka fungu moja au mafungu 50. Jamaa wetu 20 wa mashine ya mihogo, wakijiandikisha kuwa chama cha ushirika, hakuna atakayemshinda mwenziwe kwa wingi wa fedha. Kama wakifanya kampuni, kura itafuata fungu. Lakini hata mwenye fungu moja ana haki ya kusoma hesabu katika siku 15 zinazotangulia mkutano mkuu, na mkutano huo lazima ufanyike katika miezi 6 baada ya mwaka wa hesabu kwisha. Mwaka wa hesabu huisha tarehe 31 Desemba. Kwa hiyo daftari la mashine yapasa kuwa wazi mezani kabla ya mwisho wa Juni, pamoja na mstari ule wenye mshahara wa msimamizi.